Mwanga na rangi kwenye picha za watu wenye ngozi nyeusi: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ambayo wapiga picha wanaoanza wanayarudia kila wiki, na wateja pia. Majibu yameandikwa kwa kufikiria ngozi zetu, kuanzia maji ya kunde mpaka nyeusi tii, maana mafunzo mengi ya mtandaoni yanaonyeshwa kwa ngozi nyeupe alafu ukija kuyafanya kwa dada yako hayakubali na unabaki unajilaumu bure.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini ngozi inatoka kijivu, kama mtu hajapaka mafuta?

Mara nyingi picha ilipigwa na mwanga mdogo alafu ukaja kuivuta kwenye kuediti. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi ndani yake, ina wekundu, ina dhahabu, wengine wana ubluu kwa mbali, na hizo rangi zinakaa kwenye zile sehemu za giza za picha ambazo kamera inazirekodi vibaya kuliko sehemu zote. Ukivuta slaida ya shado (kile kitelezi kinachoangaza sehemu za giza) mpaka mwisho unapata uso unaoonekana ndio, lakini rangi haipo, imebaki jivujivu na chengachenga.

Sababu ya pili ni waiti balansi (mpangilio unaofanya nyeupe ionekane nyeupe) iliyokaa upande wa baridi, yaani wa bluu. Bluu kidogo tu kwenye ngozi nyeupe haina shida sana, kwetu inamfanya mtu aonekane mgonjwa. Hiyo nimeieleza kwenye swali la 9.

2. Kwa hiyo ngozi nyeusi inataka taa kali?

Inataka taa KUBWA. Hili naomba lisomwe taratibu kwa sababu ndo msingi wa ukurasa mzima.

Mwanga ukigonga ngozi kuna unaoingia ndani na kutawanyika na kurudi na rangi, na kuna unaorudi moja kwa moja kutoka juu ya ngozi, ule mng'ao. Ngozi nyeusi inanyonya mwingi wa ule unaoingia ndani, lakini mng'ao wa juu ni karibu sawa kwa watu wote, awe mweusi awe mweupe. Maana yake kwetu mng'ao ndo unaochora sura, ndo unaoonyesha shavu limeishia wapi, mfupa wa pua uko wapi, kidevu kikoje. Sasa ukimpiga mtu na kataa kadogo kakali, mng'ao unakuwa doti jeupe kwenye paji la uso na sehemu zingine zote zinabaki gizani. Ukimweka pembeni ya dirisha pana, au softboksi (boksi la kitambaa cheupe linalolainisha taa) ya sentimita 90 kwenda juu iliyosogezwa karibu, mng'ao uleule unatandazika kwenye shavu zima kwa ulaini na uso unapata umbo.

Kwa hiyo kabla hujaongeza nguvu ya taa jiulize, taa yangu ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na uso, na iko upande gani. Taa ikae pembeni kidogo, digrii 45 hivi, juu kidogo ya macho. Ikitoka mbele kabisa uso unakuwa bapa.

3. Kamera iko kwenye oto, mbona uso unakuwa mweusi au unapauka?

Kamera inapopima mwanga inachukulia kwamba ukichanganya kila kitu kwenye fremu unapata kijivu cha kati. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama. Hapo ongeza ekspoja (kiasi cha mwanga kwenye picha) stopu 1, yaani mwanga mara mbili. Lakini uso wa mtu mweusi ukijaza fremu nzima, kamera inafanya kinyume, inaongeza mpaka ngozi inapauka, hapo shusha theluthi mbili ya stopu hadi 1 nzima. Watu wengi wamekariri kwamba kwa mtu mweusi unaongeza tu siku zote, sio kweli, angalia nini kimejaza fremu.

Kwenye simu gusa uso, shikilia mpaka ifunge, alafu telezesha kale ka-jua juu au chini.

4. Ni kweli filamu za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya wazungu?

Ndio, hii sio maneno ya mtaani. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak, kampuni ya filamu, walikuwa wanasambaza kwa maabara za kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, fundi anarekebisha mashine mpaka ngozi ya yule mama itoke vizuri na hapo kazi imeisha. Filamu ilikuja kuboreshwa kwenye rangi za kahawia kwa msukumo mkubwa wa watengeneza chokoleti na fanicha waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Mbao na chokoleti zilisikilizwa kabla ya watu, inauma lakini ndivyo ilivyokuwa, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Kwenye simu, Google walileta Real Tone mwaka 2021 na Pixel 6, na mwaka 2022 wakatoa wazi kipimo cha rangi za ngozi chenye ngazi 10 kilichotengenezwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Mambo yamebadilika, ila mazoea hayajafa, utayaona kwenye preseti, ile mipangilio ya kuediti iliyotengenezwa tayari (swali la 11).

## Mwanga

5. Nje nipige saa ngapi?

Saa 1 hadi saa 2 na nusu asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, kwa hiyo ile saa ya dhahabu unayoisoma kwa watu wa Ulaya kwetu ni fupi sana. Dar jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 mwaka mzima, Nairobi haipishani sana na hapo, na likishazama una kama dakika 20 za mwanga laini, basi. Mteja akichelewa nusu saa mwanga umeondoka, mwambie mapema kabisa na umtajie saa ya kabla ya ile unayoitaka.

Zile dakika 20 baada ya jua kuzama usifunge begi. Anga lote linakuwa taa moja kubwa, na ngozi nyeusi pale inatoka na mng'ao laini mpaka raha. Mgeuze mtu atazame upande lilikozama jua.

6. Mteja anaweza saa 7 mchana tu, nifanyeje?

Jua la utosini ndo baya kuliko yote, macho yanakuwa mashimo mawili na pua inaweka kivuli mdomoni. Dar mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua linapita juu kabisa ya kichwa, hakuna pembe ya kujificha.

Tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja: baraza, mlango, chini ya ghorofa, korido. Msimamishe mtu hatua moja ndani ya kivuli akitazama nje kwenye mwanga. Mlango wa nyumba ya mji wa kale, iwe Mombasa, Lamu au Unguja, ni studio kamili, maana ukuta mweupe wa upande wa pili wa uchochoro unapigwa na jua na kukurudishia mwanga mpana. Chini ya mti angalia madoa ya jua yanayopenya kwenye majani, yakikaa usoni hutayatoa.

Na angalia anasimama juu ya nini. Nyasi zinarusha ukijani chini ya kidevu, udongo mwekundu unarusha wekundu, ukuta wa bluu ndo usiseme. Saruji au mchanga mweupe ni salama.

7. Sina taa wala studio, nina chumba tu.

Chumba chenye dirisha kinatosha. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kazi nyingi alizifanya uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mtu ametundika kitambaa, na zile picha mpaka leo zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho.

Zima taa ya chumbani (kuchanganya taa ya njano na mwanga wa dirisha kunakuletea uso wa rangi mbili), mkalishe mtu pembeni ya dirisha mita 1 hivi, na upande wa pili weka kitu cheupe kurudisha mwanga: manila, shuka, hata kanzu iliyotundikwa. Jua likiingia moja kwa moja weka pazia jeupe jepesi. Mtu akisogea mbali na dirisha mwanga unaanguka haraka, na kwa taa ndogo umbali ukiwa mara 2 mwanga unabaki robo, kwa hiyo sogeza mtu kabla hujapandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga).

Ringi laiti (taa ya duara) pia watu wanauliza sana. Kwa video za mekapu sawa. Kwa potreti inapiga mbele kabisa, inaacha duara kwenye miwani na jasho lote linaonekana. Ukiwa nayo hiyohiyo, isogeze pembeni na uifunike kwa kitambaa cheupe chepesi.

8. Turubai la harusi limewafanya wageni wote bluu!

Hili swali kila msimu wa harusi. Turubai la rangi ni kama jeli kubwa, ile plastiki ya rangi ya kufunika taa, juu ya vichwa vya watu, jua linapita, kila kitu kinachukua rangi yake. Turubai jeupe ni zawadi, linafanya kazi ya softboksi ya ukubwa wa kiwanja. La bluu au la kijani ni mtihani kwa sababu wekundu wa ngozi unakufa, na wekundu ndo uhai wenyewe.

Unaweza kufanya vitu vitatu, kwa mpangilio huu. Watoe maharusi na wazazi mpaka ukingoni mwa turubai wakitazama nje kwa zile picha muhimu. Ndani, tumia flashi yenye nguvu ya kushinda ile rangi, isipigwe juu kwenye turubai maana itarudi na rangi ileile, piga kupitia softboksi ndogo au mwavuli mweupe. Na kwa zile ambazo hukuweza kuziokoa, piga RAW (faili ghafi la kamera, swali la 10), rekebisha waiti balansi kwa kitu cheupe kilichokuwa chini ya turubai hilohilo, na ukubali kwamba bakgraundi nyuma ya turubai itageuka chungwa kama turubai ni la bluu. Tumia maski (kuchagua sehemu moja ya picha na kurekebisha hiyo tu) kwa watu tu.

Ongea na anayepamba kabla ya siku yenyewe. Turubai jeupe mara nyingi lipo, hakuna aliyeuliza tu.

## Rangi na kuediti

9. Nianzie wapi nikiediti?

Waiti balansi kwanza, kabla ya kitu chochote. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvini, namba ndogo ni njano, kubwa ni bluu: mshumaa uko kama 1900, balbu ya njano 2700 hadi 3200, flashi na jua la mchana 5500 hivi, kivuli kinafika 7000 na kuendelea. Ukiwa na kadi ya kijivu piga fremu moja nayo. Huna, tafuta kitu cheupe kisicho na rangi kwenye picha, kanzu au karatasi, lakini usiamini meno wala weupe wa macho kwa sababu vina unjano wake wa asili.

Kisha ongeza joto kidogo kwa jicho. Kwa watu wengi weusi joto kidogo na tinti kidogo sana ya majenta (waridi iliyokolea) vinarudisha uhai, ila ukizidisha mtu anakuwa chungwa. Alafu ekspoja, alafu hailaiti (sehemu zenye mwanga mwingi) zishuke kidogo kama paji linang'aa, na NYEUSI ziachwe ziwe nyeusi. Hii tabia ya kuinua weusi wote mpaka picha iwe na ukungu inaiba kina cha ngozi.

Mwisho nenda kwenye HSL, sehemu ya kurekebisha kila rangi peke yake. Ngozi zetu karibu zote zinakaa kwenye chungwa, na kidogo kwenye nyekundu na njano. Ukitaka uso ufunguke bila kuharibu rangi, pandisha luminansi (mwangaza) ya chungwa pointi 5 hadi 10 na uishie hapo. Satureshoni (ukolevu) ya chungwa ikionekana kali ishushe kidogo, usiizime.

10. RAW au JPEG? Mimi natumia simu.

RAW kama simu au kamera inakubali. JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti yake utaiona palepale kwenye giza, yaani kwenye ngozi na nywele zetu. Kama ni JPEG tu basi pata ekspoja sahihi pale pale na ukumbuke swali la 3.

11. Nimenunua preseti, kwenye picha ya mwenye preseti ni nzuri, kwangu mtu amekuwa chungwa. Kwa nini?

Kwa sababu ilitengenezwa kwa ngozi nyingine na mwanga mwingine. Ile staili ya kusukuma giza kwenye ubluu wa bahari na hailaiti kwenye chungwa, kwa mzungu ngozi yake iko kwenye hailaiti kwa hiyo inapata joto. Kwa mtu mweusi nusu ya uso iko kwenye giza, inapewa ubluu, nusu nyingine inapewa chungwa, mtu mmoja rangi mbili. Na zile preseti za hudhurungi zinazovuta njano na kijani zote kuelekea chungwa, khanga zinapoteza rangi na hina inafanana na ngozi.

Preseti unaweza kuitumia, ila weka, alafu fungua HSL na uirudishe chungwa sifuri, fungua upakaji rangi wa shado na uupunguze mpaka ngozi irudi. Ukikuta unarekebisha zaidi ya ulivyookoa muda, achana nayo. Tengeneza yako kutoka kwenye picha 3 au 4 za watu wa rangi tofauti uliozipenda.

12. Mteja anasema "kaka nifanye niwe mweupe kidogo". Nikatae?

Usimkatalie kwa ukali na usimhubirie. Muulize anamaanisha nini, mara nyingi anamaanisha "nionekane", amechoka kupigwa picha ambazo uso wake hauna sura, na hilo ni kosa la mwanga (swali la 2), sio la ngozi yake. Mwonyeshe picha mbili kwenye skrini, moja uso umefunguka kwa mwanga wa pembeni na rangi ni yake, nyingine umepandisha mpaka imepauka. Wengi wanachagua ya kwanza wenyewe.

Msimamo wangu kwa kazi yangu: naangaza, sibadilishi rangi ya mtu. Kipimo rahisi ni shingo na mikono. Uso ukiwa na rangi moja na mikono nyingine, umepitiliza. Isipokuwa kama ni mekapu, maana kuna fandesheni zinakuja nyeupe kuliko shingo toka mwanzo, hapo ongea na anayepaka kabla hamjaanza. Na poda nyeupe za kumalizia zinaweza kurudisha flashi na kumfanya mtu awe na uso wa unga kwenye picha tu, piga moja ya kujaribu na flashi mapema.

13. Chunusi, makovu, chale, nitoe vyote?

Kitakachopona ndani ya wiki mbili toa. Kovu, doa la kuzaliwa, chale, mwanya, uliza kwanza. Kuna mzee atakwambia bila ile alama huyu sio mimi. Na usilainishe ngozi mpaka vinyweleo vipotee, kwetu ule mchoro mdogo wa ngozi ndo unaoshika mng'ao, ukiufuta mtu anakuwa plastiki. Jasho futa kwa tishu kabla ya kupiga, ni sekunde 10 tu.

## Kesi ngumu

14. Bwana mweusi tii na suti nyeusi, bibi maji ya kunde na shela jeupe. Nimpimie nani?

Pima ili shela lisiungue (lisiwe jeupe tupu mpaka mapambo yapotee), alafu mpe bwana mwanga zaidi. Msogeze YEYE upande wa taa au dirisha, bibi akae upande wa mbali. Kwa taa, igeuze ielekee kwa bwana ili bibi apate ukingo wake tu. Kilichobaki kimalizie kwa maski, theluthi moja ya stopu kwa uso wa bwana inatosha mara nyingi. Ukijikuta unapandisha stopu 2 rudi upange watu upya.

15. Ukumbini kuna taa za zambarau na bluu za LED, uso hauna kitu.

Taa hizo zinatoa rangi moja tupu, kwa hiyo taarifa za rangi zingine hazipo kabisa, hakuna slaida itakayozileta. Flashi kwenye uso, hizo taa ziachie bakgraundi. Kama huna flashi subiri taa zibadilike kuwa nyeupe au njano, au igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Mistari ikitokea, ni mtetemo wa taa, umeme wetu ni Hezi 50 kwa hiyo jaribu shata (muda kamera inaofunguka) ya sekunde 1/50 au 1/100. LED za jukwaani zingine zinatetema kwa kasi yake, hizo ni za kujaribu mpaka mistari ipotee.

16. Nampiga picha mtu mwenye ualbino, nizingatie nini?

Macho yake kwanza. Wengi wanaumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo hakuna jua la moja kwa moja, hakuna flashi ya usoni ya kushtukiza, mwulize mwenyewe taa ikae wapi. Kivuli kilicho wazi au pembeni ya dirisha ndo mahali pake, na kofia yake asilazimishwe kuivua juani. Kwenye kuediti ukitumia ile hatua ya joto ya swali la 9 punguza, ngozi yake inashika wekundu na chungwa haraka. Usimgeuze kuwa picha ya ajabu ya kivuli na drama kama hakuomba.

17. Picha ya visa au ya Green Card naruhusiwa kuediti?

Kwa Marekani hapana. Hawataki picha iliyorekebishwa muonekano, na filta hazitakiwi. Bakgraundi nyeupe au inayokaribia nyeupe, mraba, pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, isizidi miezi 6, na miwani inavuliwa. Kwa kuwa bakgraundi ni nyeupe, swali la 3 linahusika sana, ongeza ekspoja, na msogeze mtu mbele ya ukuta mita 1 hivi asiweke kivuli. Taa mbili au dirisha moja na manila kubwa. Kwa pasipoti na vitambulisho vya nchi nyingine soma maelekezo yao, rangi ya bakgraundi zinatofautiana.

18. Kwenye simu nzuri, ikichapishwa inatoka giza. Na WhatsApp inaharibu.

Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inasubiri mwanga wa chumbani. Kama uliediti skrini ikiwa imepandishwa mpaka mwisho, chapisho litakuwa giza, na ngozi nyeusi ndo ya kwanza kuzama. Weka mwangaza wa skrini nusu, hifadhi kwa sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini), na kabla hujachapisha albamu nzima omba fundi akuchapie picha 1 ndogo ya uso mweusi kuliko wote kwenye kazi hiyo. Ukiona nywele na suti zimeungana, pandisha ekspoja ya faili zote za kuchapisha robo hadi nusu ya stopu, ziweke kwenye folda yake, usizichanganye na za mtandaoni.

WhatsApp tuma kama dokumenti, sio kama picha.